Kurudi Kundini: Usharika na Askari Aliyetoka Vitani

Katika sharika zetu maneno "kurudi kundini" hayahitaji kufafanuliwa. Msharika aliyetengwa na Chakula cha Bwana, mara nyingi kwa kosa la ndoa, hufundishwa, hutubu, na Jumapili moja husimama mbele ya madhabahu ili apokewe tena. Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja la kihistoria: imekuwaje Kanisa lenye mlango wa kumpokea aliyeanguka katika ndoa likakosa mlango wa kumpokea aliyetoka vitani? Hatuulizi hivyo kwa kutaka kumhesabu askari kuwa mkosaji. Twauliza kwa sababu katika karne ya ishirini nchi hii ilitoa watu wake kwa maelfu kwenda vitani mara tatu, 1914, 1939 na 1978. Miongoni mwao walikuwamo watu waliobatizwa na kuimarishwa katika sharika zetu. Waliporejea, Kanisa liliwakuta zaidi kama kesi: huyu ameoa mke wa pili huko alikokuwa, yule amekuwa mlevi, huyu haji ibadani. Mambo waliyoyaona na kuyatenda huko hayakuwa na mahali katika agenda ya baraza la wazee.

Tuanze na Vita Kuu ya Kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyogusa sharika zetu zikiwa bado changa. Vita hiyo ilipiganwa hapa kwa mabega ya watu. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilifukuzana na majeshi ya Uingereza, ya Ubelgiji na ya Ureno kutoka Taveta na Moshi hadi ng'ambo ya Ruvuma. Sehemu kubwa ya njia hiyo haikuwa na reli wala barabara ya kufaa, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Mzigo ukabebwa na mwanadamu. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza pekee wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara, homa na utapiamlo kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wapagazi, ingawa anayekwenda pale leo kununua vitunguu hana sababu ya kulikumbuka.

Jambo ambalo mchungaji apaswa kulitazama kwa makini ni hili: katika jeshi la Wajerumani askari hakwenda vitani akiiacha nyumba yake nyuma. Wake na watoto waliufuata msafara, wakapika, wakabeba, wakazaa njiani. Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha zake huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na askari wapatao 1,200, na pamoja nao wapagazi, wanawake na watoto kwa mamia. Na wale waliobaki vijijini hawakusalimika. Huko Ugogo majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana. Mvua zilipokosekana ikaja njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya, na homa ya mafua ya 1918 ikaikuta. Kwa hiyo tunaposema "familia ya askari" katika historia ya nchi hii, tusifikirie tu mke anayengoja barua. Tufikirie pia kijiji kilichonyang'anywa chakula na watu wenye nguvu za kulima.

Je, Kanisa lilikuwa wapi? Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini kadiri Waingereza walivyosonga mbele, na kufikia 1920 wale wa Leipzig waliokuwa wamebaki Kilimanjaro walikuwa wameondolewa. Sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji. Habari hii sisi Walutheri twaisimulia kwa fahari, na tuna haki ya kufanya hivyo. Lakini yafaa tuone jinsi tunavyoisimulia. Masomo ya historia ya Kanisa tuliyofundishwa, na ambayo nasi tumeyafundisha, yana sura juu ya kuondoka kwa wamisionari na sura juu ya uaminifu wa walimu. Mpagazi hana sura, ingawa wapagazi wengine walikuwa wanafunzi wa walimu hao hao. Huduma mojawapo iliyoandikwa ya mchungaji aliyefuatana na wapagazi twaipata nje ya Ulutheri: mwaka 1916 Frank Weston, askofu Mwanglikana wa Zanzibar, aliunda kikosi cha wapagazi wa Zanzibar na kukiongoza mwenyewe barabarani. Mtu aweza kubishana kama ilifaa askofu avae cheo cha meja. Tunachokipenda katika habari hiyo ni kwamba alikwenda nao.

Hata ukumbusho wenyewe ulimsahau mpagazi nusu. Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 yaonyesha askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia vita ile ya kwanza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tutalirudia jambo hili la majina, kwa maana linagusa makabati ya ofisi zetu.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya mila. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtu aliyeua vitani hakuruhusiwa kuingia nyumbani moja kwa moja. Alikaa pembeni kwa muda, akanyolewa au kuoshwa, akatolewa mnyama, ndipo akala tena pamoja na watu wake. Wamisionari waliona katika desturi hizo sadaka kwa mizimu, wakazikataza. Nasi hatusemi kwamba walikosea katika kila jambo. Ila waliondoa chombo bila kuuliza kilikuwa kimebeba nini. Desturi hizo zilikuwa zimebeba elimu: kwamba damu humfuata mtu nyumbani, kwamba mke na watoto wanahitaji kulindwa na kile alichorudi nacho, na kwamba jamii iliyomtuma ndiyo yenye wajibu wa kumrudisha. Mkristo aliyerejea kutoka vitani alikatazwa kuoshwa kwa mila, na kanisani hakupewa kitu mahali pake.

Inashangaza zaidi tunapokumbuka kwamba Maandiko yenyewe hayako kimya. Hesabu 31:19-24 yaagiza wapiganaji, hata waliotumwa kwa amri ya Musa, wakae nje ya kambi siku saba wajitakase. Kumbukumbu la Torati 24:5 lamwachia mume aliyeoa karibuni mwaka mzima nyumbani bila kwenda vitani, kwa ajili ya mke wake. Na katika 1 Samweli 30:21-25 Daudi aamua kwamba waliobaki kulinda mizigo wapate fungu sawa na walioshuka vitani, jambo ambalo wapagazi wetu wangependa kulisikia likihubiriwa. Kanisa la kale nalo liliendelea kulitafakari. Basili wa Kaisaria, katika barua yake kwa Amfilokio ya mwaka 374 hivi, aeleza kwamba mababa hawakuhesabu kuua vitani kuwa sawa na uuaji. Hata hivyo ashauri kwamba huenda ikafaa waliofanya hivyo wajizuie na Meza ya Bwana kwa miaka mitatu. Shauri hilo ni gumu, na sisi hatupendekezi lirudishwe. Lakini Basili aliona vizuri kwamba mtu aweza asiwe na hatia mbele ya sheria, na bado mikono yake ikamsumbua.

Naye Luther? Mwaka 1526 aliandika kijitabu kizima kujibu swali la askari mmoja, Assa von Kram, kama watu wa vita nao waweza kuokolewa. Jibu lake latofautisha kazi na mtu: kazi ya upanga yaweza kuwa njema, kama kazi ya mganga anayekata kiungo ili kuuokoa mwili, ilhali mtu aifanyaye aweza kuwa mwovu; na askari anayejua kwa hakika kwamba bwana wake anapigana bila haki asimfuate. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16, lashika njia hiyo hiyo. Tumeyafundisha haya madarasani miaka mingi, na tunaamini ni mafundisho ya kweli. Hata hivyo yanajibu swali la anayekwenda. Anayerudi ana swali jingine. Yeye hasumbuliwi na jambo la kama kazi ya askari ni halali. Anasumbuliwa na siku moja, na nyumba moja, na sura ya mtu mmoja.

Katika Vita Kuu ya Pili Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, walipigana Uhabeshi na Madagaska, kisha Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, na Desemba ikavuka mto Chindwin. Tarehe 12 Februari mwaka huo huo meli Khedive Ismail, iliyokuwa imepakia wanajeshi kutoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi ikazama kwa muda wa dakika chache tu. Watu karibu 1,300 walikufa, wakiwamo mamia ya askari Waafrika wa mizinga. Mzazi aliyeko mlimani apewe habari ya namna hiyo na nani? Tena wachungaji wageni walikuwa hawapo: Wajerumani waliwekwa kizuizini mara ya pili, na Augustana wa Marekani pamoja na Waswidi wakabeba mzigo wa misheni yatima.

Waliorudi mwaka 1945 na 1946 walikuwa watu wengine. Walijua kusoma zaidi, walikuwa wameona Wazungu wakiogopa, walikuwa na maswali. Baadhi yao, kama ndugu Abdulwahid na Ally Sykes, waliyapeleka maswali hayo katika siasa, na historia ya TANU ya 1954 haielezeki vizuri bila wao. Wengi zaidi walirudi mashambani na kiinua mgongo kidogo. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba malipo hayo ya mwisho yalipangwa kwa rangi, na Mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata mara tatu ya Mwafrika. Uamsho uliotoka Rwanda na kuenea Bukoba katika miaka hiyo uliwapa watu mahali pa kuungama mbele ya ndugu, nasi twaushukuru. Lakini ungamo la hadharani lina mipaka yake. Mambo ya vita hayafai kusimuliwa mbele ya watoto.

Ndipo ilipokuja vita ya Kagera, na hapa Kanisa letu lilikuwa katikati kabisa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliteka eneo la kaskazini ya mto Kagera. Raia wapatao 1,500 waliuawa, na maelfu mengi walikimbilia kusini ya mto. Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi wakati huo alikuwa Josiah Kibira, ambaye tangu mkutano wa Dar es Salaam wa 1977 alikuwa pia Rais wa Fungamano la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kwa hiyo vita ilifika mlangoni mwa mtu aliyewakilisha Walutheri wote.

Nchi nzima iliinuka. Watu walichanga ng'ombe, vyakula na magari. Mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na magereza waliongezwa jeshini. Wengi wetu tuliokuwa watoto au vijana tunakumbuka nyimbo za redioni kuliko tunavyokumbuka majina ya waliokwenda. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa. Tunaamini kwamba kama kuna vita katika historia yetu inayoweza kuitwa ya haki kwa kipimo cha kifungu cha 16, ni hiyo. Na kwa sababu hiyo hiyo imekuwa vigumu kuwasikiliza waliopigana. Mwishoni mwa Februari 1979 miji ya Masaka na Mbarara iliharibiwa na askari wetu wakilipiza yaliyofanyika Kagera, na raia nao walikufa. Uongozi wa juu ulilazimika kuagiza mambo hayo yakome. Kijana wa miaka ishirini aliyekuwapo pale sasa anakaribia miaka sabini. Alipokewa kwa ngoma kama shujaa. Shujaa atamwambia nani kwamba halali usiku?

Kisha ikaja hali ngumu ya uchumi. Miezi 18 ya kujifunga mkanda ambayo Mwalimu Nyerere aliiomba iligeuka miaka. Mgambo waliochukuliwa kutoka mashambani walirudi mashambani, na mjane wa mgambo hakuwa daima na karatasi kama za mjane wa askari wa kudumu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huko huko Kagera, katika hospitali ya Ndolage ya dayosisi hiyo hiyo. Watu wakatafuta wa kulaumiwa: wafanya magendo, wanawake, na askari. Mchungaji asirudie maneno hayo kaburini. Yameumiza wajane wa kutosha. Dayosisi ilifanya lililo jema zaidi ilipoanzisha Huduma ya Watoto, HUYAWA, ambamo yatima alipokewa kwa kuwa ni yatima. Huo ndio mfano wetu wa karibu kabisa wa jinsi sharika, zikiamua, zinavyoweza kubeba nyumba zilizovunjika bila kungoja serikali.

Wala mambo haya hayakwisha na Kagera. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur, na tarehe 7 Desemba 2017 wengine wasiopungua 14 waliuawa katika kambi yao ya Semuliki, Kivu ya Kaskazini. Majeneza yalirudi na bendera, taifa likasimama. Wenzao waliokuwa katika kambi ile usiku huo na kunusurika walirudi kimya kimya.

Basi usharika ufanye nini? Tutasema machache tunayoyajua kutokana na kazi.

La kwanza, na kwetu ndilo kubwa, ni kurudisha ungamo la siri katika nafasi yake. Katekismo Ndogo ina mafundisho yake, nasi tunayakaririsha watoto wa kipaimara, kisha hatuyatumii tena. Mchungaji atangaze kwamba yupo kwa ajili hiyo, siku na saa, na asingoje askari aseme ana dhambi. Mara nyingi hana neno la kuliita lile jambo. Tumekaa na wazee ambao walisimulia kwanza habari za mvua, halafu za buti, halafu za chakula cha makopo, na saa ya pili ndipo walipofika. Asiyeweza kusikiliza habari za buti hatafika huko. Na ondoleo litamkwe kwa sauti, kwa kuwekea mikono, kwa jina la mtu. Askari amezoea maneno yanayotamkwa kwa mamlaka. Pale ambapo hakutenda kosa bali aliona tu, sala ya kupokelewa nyumbani yafaa, na mke na watoto wawepo, kwa maana nao wamengoja. Na mahali ambapo mtu hana usingizi kwa miezi, au anajidhuru, mchungaji asione haya kumfikisha kwa daktari.

La pili lahusu karatasi, na wanatheolojia hatupendi karatasi. Mjane wa askari anapofuatilia mirathi huulizwa cheti cha ndoa, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo. Shemeji zake wanajua hivyo kuliko yeye. Cheti cha ndoa kilitolewa na usharika, na nakala yake imo katika kitabu chetu. Mzee wa kanisa mmoja mwenye heshima akiketi katika kikao kile cha ukoo, mengi hubadilika kabla ya kufika mahakamani. Hiyo ni diakonia kamili.

Sharika zilizo jirani na kambi zina kazi ya pekee. Familia ya askari huhamishwa, na mara nyingi mama hufika na watoto wakati baba tayari yuko kazini kwingine. Barua ya uhamisho kutoka usharika wa kwanza ikichelewa, mtoto hukosa kipaimara mwaka mzima; tumeona wachungaji wakiling'ang'ania jambo hilo kana kwamba barua ndiyo sakramenti. Apokewe kwanza, barua itafuata.

Na sasa majina. Tarehe 25 Julai kila mwaka taifa huwakumbuka mashujaa, na huko Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wa vita ya Kagera. Jumapili iliyo karibu na siku hiyo usharika waweza kuyasoma majina ya watu wake: aliyekufa Kagera, aliyezama baharini 1944, mpagazi aliyechukuliwa 1917 asirudi, na pamoja nao wake waliobaki. Tume ya makaburi haikuyaandika majina mengi. Vitabu vya ubatizo na vya washarika vya zamani, vilivyoandikwa kwa mkono wa wamisionari na walimu, havijatafutwa vya kutosha kwa kusudi hilo. Inawezekana kwamba pembeni mwa jina fulani mwalimu aliandika neno moja juu ya mahali alikokwenda mtu huyo. Vitabu hivyo viko katika masanduku ya mbao, vingine katika ofisi ambazo paa linavuja, na wanafunzi wetu wanaotafuta mada ya tasnifu wanaweza kuanza navyo muhula huu, wakiwa pamoja na wazee wanaoweza bado kusema jina lile lilikuwa la nani.